Jino Halisubiri Mshahara: Kutibu Meno kwa Bajeti Finyu Hapa Texas

Saa nane usiku, mwezi wa Novemba, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea nyumbani kwetu Mansfield, nimeshika shavu, sitaki kuwasha taa nisije nikaamsha watoto. Gego la chini upande wa kushoto lilikuwa likipiga kama ngoma. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Baba watoto, limeanza lini?"

"Leo tu."

Hakujibu. Alijua nadanganya. Kwa miezi minane alikuwa ananiona natafunia upande mmoja, nakwepa maji ya baridi, nacheka mdomo umefungwa.

Mwezi wa Machi mwaka huohuo daktari wa meno alikuwa amenionyesha tundu dogo kwenye lile gego. Kuliziba, alisema, ni dola 210. Wiki ileile mdogo wangu anayesoma chuo Dodoma alinipigia kuhusu ada. Nikatuma ada. Nikajiambia jino lina subira, ada haina.

Usiku ule wa Novemba nilikwenda chumba cha dharura cha hospitali. Nilikaa saa nne. Daktari alikuwa mpole, lakini aliniambia wazi kwamba pale hakuna mtu wa meno. Akanipa dawa ya kuua vijidudu na ya kutuliza maumivu. Bili ilikuja baada ya wiki tatu: dola 1,380, na jino lenyewe halikuguswa. Daktari wa meno niliyemwona baadaye alisema kutibu mzizi na kulivika jino kofia ni dola 2,600. Sikuwa nazo. Nikaling'oa kwa dola 240.

Piga hesabu nami, ndugu msomaji. Nilikataa kulipa 210, nikaishia kulipa 1,620, na jino sina. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nililipia ukuta na nyumba ikabaki na tundu.

Nimesimulia haya kwa sababu najua sipo peke yangu. Kila tunapokutana kwenye harusi, misiba au baada ya ibada, kuanzia Arlington na Grand Prairie mpaka Houston, hadithi ni hiyohiyo kwa muuguzi msaidizi, dereva wa lori na mwanafunzi. Tunatuma pesa za matibabu ya shangazi kijijini huku meno yetu yakioza kimya kimya. Baada ya pengo langu nilianza kuuliza, kupiga simu na kwenda mwenyewe kuona. Nilichogundua ni kwamba matibabu ya bei nafuu yapo karibu nasi. Ila mara nyingi utayalipia kwa muda na makaratasi, na muda huo unakuwa nao kabla jino halijaanza kuuma. Likishauma, utalipa bei yoyote utakayotajiwa.

Anza na watoto, kwa sababu wao wana haki zaidi

Mwaka 2007 mvulana wa miaka 12 katika jimbo la Maryland, Deamonte Driver, alifariki baada ya vijidudu vya jino bovu kufika kwenye ubongo. Kung'oa jino lile kungegharimu kama dola 80. Bima ya serikali ya familia yake ilikuwa imekatika. Alifanyiwa upasuaji wa ubongo mara mbili, gharama zikafika karibu robo milioni, na hakupona. Kifo hicho kilitikisa wabunge wa Marekani, na mwaka 2009 sheria iliyohuisha mpango wa bima ya watoto, CHIP, ililazimisha majimbo yote kuingiza meno ndani yake.

Kwa hiyo kama una mtoto hapa Texas, hatua ya kwanza ni hiyo. Medicaid ya watoto inalipia meno mpaka mtoto anapotimiza miaka 21, na CHIP mpaka miaka 19. Kukaguliwa na kusafishwa meno kila miezi sita, kuziba, kung'oa, vyote vimo. CHIP ni kwa familia zenye kipato kinachozidi kidogo kile cha Medicaid, na ada ya kujiandikisha haizidi dola 50 kwa mwaka kwa familia nzima. Wazazi wengi wanaofanya kazi mbili hudhani kipato chao kimeshavuka mpaka. Usidhani, omba. Maombi hufanywa kwenye tovuti ya Your Texas Benefits, au kwa kupiga namba 2-1-1.

Kuna mambo mawili ambayo jamii yetu huyakosea. La kwanza ni kuhusu uraia. Mtoto aliyezaliwa hapa anastahili kwa haki yake mwenyewe, na mzazi anayemwombea halazimiki kueleza hadhi yake ya uhamiaji. Mtoto aliyezaliwa nje lakini anaishi hapa kihalali pia huweza kupokelewa, bila kungojeshwa ile miaka mitano wanayongojeshwa watu wazima. Kama karatasi zenu bado zinashughulikiwa, au uko hapa kwa viza ya masomo, muulize kwanza mwanasheria wa uhamiaji au ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako. Usichukue ushauri wa kundi la WhatsApp.

La pili ni bahasha. Bima hii huhuishwa, na taarifa hutumwa kwa barua. Mwaka 2023 na 2024, serikali ilipoanza tena ukaguzi uliokuwa umesimama wakati wa korona, watoto wengi wa Texas waliondolewa kwa sababu ya makaratasi tu: barua ilienda anwani ya zamani, fomu haikurudishwa. Sisi tunaohama nyumba kila mkataba wa pango unapoisha tuko hatarini zaidi. Ukihama, badilisha anwani kwenye Your Texas Benefits siku hiyohiyo.

Watu wazima: vituo vya afya vya jamii

Kwa mtu mzima hali ni ngumu. Texas haikupanua Medicaid kwa watu wazima wenye kipato kidogo, na hata wachache walioingia hawapati huduma kamili ya meno. Hapa ndipo vituo vya afya vya jamii vinavyosaidiwa na fedha za serikali kuu vinapoingia.

Vituo hivi vinatakiwa kisheria kupunguza bei kulingana na kipato na idadi ya watu nyumbani. Ukiwa chini ya kiwango cha umaskini cha serikali, unalipa kiasi kidogo tu au hulipi. Ukiwa kati ya kiwango hicho na mara mbili yake, unapunguziwa kwa ngazi. Kwa vipimo vya mwaka 2025, familia ya watu wanne ilihesabiwa chini ya kiwango ikipata dola 32,150 kwa mwaka, na mara mbili yake ni 64,300. Kwa mtu mmoja ni 15,650 na 31,300. Soma namba hizo tena. Wengi wetu tumo humo na hatujui.

Ukipiga simu, maneno ya kumwambia mpokezi ni "sliding fee", naye ataelewa mara moja. Kisha uliza maswali matatu: Mna daktari wa meno? Mnapokea wagonjwa wapya? Nilete karatasi gani? Si kila kituo kina kitengo cha meno, na chenye nacho huwa na foleni. Kwa kawaida utatakiwa uthibitisho wa kipato kama hati za mshahara za karibuni, kitambulisho na kitu kinachoonyesha unapoishi. Kituo cha karibu nawe utakipata kwenye findahealthcenter.hrsa.gov, andika namba ya posta ya mtaa wako.

Mansfield kwa sehemu kubwa iko Kaunti ya Tarrant, na vipande vichache viko Johnson na Ellis. Hilo lina maana, kwa sababu hospitali za umma hufuata mipaka ya kaunti. Anayeishi Tarrant anaweza kuuliza JPS ya Fort Worth kuhusu mpango wao wa wakazi wenye kipato kidogo na kuhusu meno. Aliye Dallas ataanzia Parkland, na wa Houston Harris Health. Dallas kuna pia Los Barrios Unidos, na Houston kuna Legacy Community Health, vituo vya jamii vyenye huduma za meno. Kabla hujajaza fomu, hakikisha nyumba yako iko kaunti gani. Jirani yangu mmoja aligundua kwamba barabara yake ndiyo mpaka.

Neno kwa wazee wetu waliotoka Bukavu, Uvira au Kigoma na ambao Kiingereza bado ni kigumu: kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, hata kwa simu. Sema "Swahili interpreter, please". Usimtoe mtoto shuleni aje kukutafsiria. Mtoto wa miaka kumi hajui kutofautisha jipu la jino na uvimbe wa fizi, na kosa la tafsiri linaweza kung'oa jino lisilo na shida.

Shule za udaktari wa meno

Huu ndio mlango ulioniokoa mara ya pili. Texas ina shule za udaktari wa meno, na mbili kati yake ziko katika miji yetu: Chuo cha Meno cha Texas A&M kilichopo Gaston Avenue mjini Dallas, ambacho wenyeji wa zamani bado wanakiita Baylor, na Shule ya Meno ya UTHealth Houston iliyoko Cambridge Street. Zote mbili zilianza mwaka 1905.

Utaratibu wake uko hivi. Unapiga simu na kupangiwa siku ya uchunguzi wa awali. Wanapiga eksirei na kuamua kama tatizo lako linafaa kufundishia. Si kila mtu hupokelewa. Jino gumu sana wanaweza kukupeleka kwa madaktari wanaosomea ubingwa, ambako bei inapanda lakini bado huwa chini ya mtaani. Ukipokelewa, unapewa mwanafunzi wako. Kila hatua anayofanya inakaguliwa na mwalimu mwenye leseni kabla hajaendelea. Ndiyo maana ziara moja inaweza kuchukua saa tatu, na kazi ambayo daktari wa mtaani humaliza kwa siku moja ikachukua ziara tatu au nne.

Bei hutofautiana kwa kazi, lakini kwa jino langu la pili nililipa chini ya nusu ya nilichotajiwa mtaani. Kutoka Mansfield mpaka katikati ya Dallas ni kama maili 30, na mji wetu si mji wa mabasi, kwa hiyo weka na petroli kwenye hesabu. Nilibadilishana zamu na mwenzangu kazini mara nne. Mwanafunzi aliyenitibu alikuwa na umri wa mdogo wangu, na mikono yake ilitetemeka kidogo siku ya kwanza. Mwalimu alirudia kupima mara mbili. Jino hilo bado natafunia.

Kwa kusafisha tu, angalia vyuo vinavyofundisha wasafishaji wa meno. Karibu nasi Chuo cha Tarrant County kina programu hiyo kwenye kampasi ya Northeast, Hurst, na Texas Woman's University wanayo Denton. Upande wa Houston kuna Lone Star College ya Kingwood. Bei ni ndogo sana, ila jiandae kukaa kitini nusu siku. Mwanafunzi mwenye ratiba ya kupumua Ijumaa ndiye anayefaidi zaidi.

Kliniki za hisani

Jirani zetu wa Arlington wana kliniki ya meno ya bure ndani ya Mission Arlington, inayoitwa Allan Saxe, ikitegemea madaktari wanaojitolea. Houston kuna San José Clinic, iliyoanza mwaka 1922, inayohudumia wasio na bima. Chama cha madaktari wa meno wa Texas nacho kina mfuko unaoendesha Texas Mission of Mercy, kliniki ya kuhamahama inayopiga kambi mji mmoja baada ya mwingine na kutibu bure kwa siku chache. Watu hufika alfajiri. Kwa wazee, walemavu na wenye maradhi sugu, kuna mpango wa Donated Dental Services wa Dental Lifeline Network, ambapo daktari hutoa kazi nzima bure ofisini kwake.

Kliniki hizi hazina nafasi ya kila mtu wala ya kila kazi. Mara nyingi wanang'oa na kuziba; kofia za meno na kupanga meno si zao. Piga simu kabla hujaondoka nyumbani, maana siku za daktari hubadilika. Na ukipata nafasi, usikose kufika. Kiti ulichokiacha wazi kilikuwa cha mtu mwenye jipu.

Bima ya meno: piga hesabu kwanza

Tumezoea kufikiri bima ni bima. Bima ya meno ya Marekani iko tofauti na ya mwili. Bima ya gari au ya hospitali inakukinga na janga kubwa. Ya meno huishia kiwango fulani kwa mwaka, mara nyingi kati ya dola 1,000 na 2,000, na kinachozidi ni chako.

Chukua mfano wa kawaida. Unalipa dola 40 kwa mwezi, yaani 480 kwa mwaka. Bima inalipia usafishaji mara mbili kwa asilimia 100, kuziba kwa asilimia 80, na kazi kubwa kama kofia kwa asilimia 50, lakini kazi kubwa mpaka ungoje miezi 12. Kama meno yako ni mazima na chuo cha wasafishaji kiko karibu, hizo 480 pengine zina kazi nyingine. Kama mwajiri wako analipia sehemu kubwa, chukua. Kama jino limeshaanza kuuma leo, bima ya kununua leo haitakusaidia kwa jino hilo, kwa sababu ya kungojeshwa.

Wanafunzi, someni mkataba wa bima ya chuo. Nyingi hazina meno; yanauzwa kando. Na walioajiriwa, ulizeni idara ya rasilimali watu kama kuna akaunti ya afya ambayo fedha zake hazikatwi kodi. Kulipia jino kupitia akaunti hiyo ni kupata punguzo ambalo tayari ni haki yako.

Usichanganye bima na kadi ya punguzo. Kadi ya punguzo hailipi chochote. Inakupa bei ndogo kwa madaktari waliokubaliana nayo. Inaweza kufaa, mradi umwulize daktari mwenyewe kama anaipokea kabla hujainunua.

Kabla hujafungua mdomo

Nilipokuwa mgeni nilidhani bei ya daktari haiulizwi, kama vile si heshima. Hapa inaulizwa, na inapungua.

Omba makadirio ya maandishi. Tangu Januari 1, 2022, sheria ya serikali kuu inampa mgonjwa asiye na bima, au asiyeitumia, haki ya kupewa makadirio hayo mapema. Bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi, unaweza kuipinga ndani ya siku 120. Itunze karatasi hiyo.

Uliza kipi kianze. Daktari akikupa orodha ya kazi saba na jumla ya dola 6,000, usikimbie na usisaini. Sema: "Nipangie. Lipi ni la haraka, lipi linaweza kungoja miezi sita?" Daktari mzuri atakupangia. Anayekushinikiza usaini leo kwa sababu punguzo linaisha jioni, mshukuru na uondoke.

Chukua eksirei zako. Ni haki yako kupata nakala. Ukienda nazo kwa daktari wa pili kupata maoni mengine, mara nyingi hutalipia tena kupigwa picha.

Uliza bei ya taslimu. Ofisi nyingi hupunguza kwa anayelipa palepale, na nyingine zina uanachama wa mwaka unaojumuisha usafishaji na punguzo la kazi nyingine.

Soma mkopo kwa makini. Kadi za mikopo ya matibabu zinazotangaza miezi 6 au 12 bila riba zina mtego: ukibakiza hata kiasi kidogo muda ukiisha, riba inarudi nyuma na kuhesabiwa tangu siku ya kwanza, na inaweza kuzidi asilimia 25. Kama unakopa, gawanya deni kwa idadi ya miezi, ongeza kidogo, na lipa hivyo kila mwezi bila kukosa. Bora zaidi, iombe ofisi yenyewe ikugawie malipo bila riba.

Tukatibiwe nyumbani, au Mexico?

Swali hili halikosi. Nyumbani tuna madaktari wazuri wa meno, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, na bei yao ni ndogo kuliko ya hapa. Lakini tiketi ya ndege ni ghali kuliko jino. Kama unakwenda likizo hata hivyo, mwone daktari wiki ya kwanza, usingoje ya mwisho. Kutibu mzizi na kuvika kofia huhitaji kurudi zaidi ya mara moja, na kofia ikilegea ukiwa umesharudi Texas, hakuna daktari wa hapa atakayeirekebisha kwa bei ya kule. Rudi na eksirei na maelezo ya maandishi.

Mexico iko karibu, na Wamarekani wengi huvuka mpaka kwenda Nuevo Progreso kwa ajili ya meno. Kwa mhamiaji, mpaka ni jambo jingine. Mwenye ombi la hifadhi akitoka nchini bila kibali cha kusafiri cha awali anahesabiwa ameliacha ombi lake. Viza iliyoisha, hadhi inayobadilishwa, kadi inayohuishwa, kila kimoja kina masharti yake. Usiweke maisha yako ya Marekani rehani kwa ajili ya gego.

Na yule fundi anayetibu meno sebuleni kwake, hata kama alikuwa daktari kamili kule alikotoka, hana vifaa vya kuua vijidudu wala ruhusa ya kufanya hivyo hapa. Leseni ya daktari yeyote wa Texas inaangaliwa bure kwenye tovuti ya bodi ya jimbo, Texas State Board of Dental Examiners.

Usiku ule wa maumivu

Ikitokea, suuza mdomo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Karafuu inasaidia, mafuta yake yana dawa ya ganzi ambayo madaktari wa meno wenyewe huitumia. Lakini karafuu inanyamazisha, haiponyi. Usibandike aspirini kwenye fizi, inaunguza. Usimeze dawa za kuua vijidudu zilizobaki kwa rafiki. Asubuhi piga simu kituo cha jamii au shule ya meno na useme una maumivu makali. Wengi hutenga nafasi za dharura.

Uvimbe ukishuka shingoni au kupanda jichoni, ukipata homa, ukishindwa kumeza, kupumua au kufungua mdomo, hapo usihesabu pesa. Piga 911 au nenda chumba cha dharura. Sheria ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali zenye vyumba vya dharura kukupima na kukutuliza hata kama huna senti. Bili itazungumzwa baadaye. Hospitali nyingi zina fomu ya msaada wa kifedha, nayo hutolewa kwa anayeiomba. Mimi sikujua. Sikuiomba.

Bei nafuu kuliko zote

Mswaki laini, dawa ya meno yenye floridi, uzi wa meno. Piga mswaki mara mbili kwa siku, na usiku usile kitu tena baada ya hapo. Kwa watoto wetu adui mkubwa ni vinywaji. Juisi na soda za hapa ni za bei ya maji, na chupa ya maziwa anayolala nayo mtoto inamuozesha meno ya mbele kabla hajajua kusema. Mwombe daktari wa mtoto ampake floridi kwenye meno, na magego ya kudumu yakiota, yazibwe mifereji kwa utando wa kinga. Kwa mtoto mwenye Medicaid hayo hulipiwa.

Kwa wakubwa, nimeanzisha utaratibu nyumbani. Kuna mfuko kwenye simu yangu ambao kila mshahara unapoingia unakatwa dola 15 kabla sijatuma chochote nyumbani. Mwanzoni niliona aibu, kama namnyima mama. Nikampigia kumweleza, nikiwa na pengo langu. Alicheka, kisha akanyamaza. "Mwanangu," akasema, "utatutumia nini ukiwa kitandani?"

Mdogo wangu bado anasoma Dodoma na ada bado natuma, ila baada ya zile 15. Wiki iliyopita mwanangu wa kwanza alitimiza miezi sita tangu akaguliwe meno, nikapiga simu nikiwa kwenye maegesho ya kazini. Dakika nne, siku ikapangwa. Kama kuna jino linalokuuma ukisoma haya, au ulilokuwa ukilikwepa na maji ya baridi, kesho asubuhi piga hiyo simu kabla hujapiga nyingine yoyote.